Kufufua kompyuta ya ofisini iwe ya magemu bila kuuza shamba

Mdogo wangu alinunua Dell OptiPlex 9020 pale Kariakoo, ile ya kasha la kusimama, mtumba wa ofisini. Stika ya kampuni iliyoitumia zamani ilikuwa imebanduliwa nusu, nusu nyingine imeng'ang'ania ubavuni. Ndani kuna prosesa i5-4570, RAM (kumbukumbu ya muda) ya GB 4 kipande kimoja, na hadi diski (hard disk) ya GB 500. Muuzaji alimwambia, "Dogo, hii mashine kali, tupia kadi yoyote tu utacheza mpaka GTA."

Hayo maneno "kadi yoyote", yaani kadi ya grafiksi inayochora picha za gemu, nusura yamtie hasara. Baada ya wiki moja alishapata mtu anayeuza kadi kubwa ya feni mbili kwa bei ya kutamanisha, kilichobaki ni kutuma hela. Nikamwambia, fungua kwanza hilo kasha unisomee kilichoandikwa kwenye pawa saplai, kile kisanduku kinachogawa umeme ndani. Akasoma: wati 290. Nikamuuliza, kuna waya wenye pini sita wa kulisha kadi umeme, uliokaa bure? Hakuna. Biashara ikafia hapo.

Kwenye mashine hizi za ofisini, kadi haichaguliwi na mfuko wako peke yake. Pawa saplai inachagua kwanza, kasha linafuata, hela zako zinakuja za tatu. Ukienda kwa mpangilio huo, kazi yote inaisha kwa bisibisi moja na jioni mbili. Ukianza na kadi, utanunua vitu mara mbili.

Nitatumia mashine hiyo ya mdogo wangu kama mfano. Ukiwa na HP EliteDesk 800 G1 au Lenovo ThinkCentre M93p usijali, ni ndugu wa rika moja, wote wa kizazi cha nne cha Intel kilichotoka mwaka 2013. Na ninaposema magemu mepesi nina maana ya PES 2017 na PES 2021, FIFA za miaka ya nyuma, GTA V, Valorant, na Counter-Strike 2 ukikubali kushusha ubora wa picha. Anayetaka gemu kubwa zilizotoka mwaka huu atafute mashine nyingine, hapa tutapotezeana muda.

Kwanza ijue mashine, hata shilingi usitoe

Washa, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, nenda kwenye ukurasa wa utendaji (Performance). Pale utaona jina la prosesa, ukubwa wa RAM, kasi yake, na sloti ngapi zimetumika kati ya ngapi. Andika kwenye karatasi.

Tazama namba ya prosesa. Ikianza na 4 kama i5-4570, uko sehemu nzuri. Ikianza na 2 au 3, kama i5-3470, mashine bado inacheza mengi ya zamani, lakini prosesa hizo hazina kundi la maagizo liitwalo AVX2, na baadhi ya gemu mpya hukataa hata kufunguka bila hilo. Huko weka hela ya RAM na SSD (diski ya kasi ya kisasa) tu, usiende mbali. Ukikuta Core 2 Duo, iache iendelee kuchapa barua.

Ukikuta Celeron, Pentium au i3 ya kizazi cha nne, si mwisho wa dunia. Soketi ni ileile LGA 1150, na i5-4570 ya mtumba inaingia palepale. Kwa mwenye Celeron ya kori mbili, badiliko hilo linaonekana kuliko lolote lingine. Ila kwa aliye na i5 tayari, kukimbilia i7-4770 ni kwa mwisho kabisa, hela ikibaki. Inakupa nyuzi (mikondo ya kazi ndani ya prosesa) nane badala ya nne, jambo linalosaidia GTA V mjini penye magari mengi, lakini PES haitashtuka.

Usafi, na betri ya sarafu

Chomoa waya wa umeme, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde kadhaa ili umeme uliobaki ndani uishe. Gusa chuma cha kasha kabla ya kugusa kitu kingine chochote. Peleka mashine nje, maana vumbi la miaka kumi halifai kupulizwa sebuleni. Brashi laini ya rangi inatosha, na ukitumia blowa zuia mapanga ya feni kwa kidole yasizunguke.

Kile chuma chenye mapezi juu ya prosesa kinashikwa na skrubu nne. Zilegeze kwa mshazari, kidogo kidogo. Chini yake utakuta pesti ya joto imekauka kama gundi ya zamani. Ifute kwa spiriti na kitambaa kisichotoa nyuzi, weka pesti mpya kiasi cha punje ya mchele katikati, rudisha chuma. Kazi ya dakika ishirini, na feni iliyokuwa inalia kama mashine ya kusaga inatulia.

Ukiwa humo ndani badilisha betri ya sarafu, CR2032, ile ya duara kwenye ubao mama. Inauzwa bei ya soda. Watu wengi huipuuza, halafu wanalalamika kwamba Steam, duka la gemu la mtandaoni, haiingii na tovuti zinakataa kufunguka, kumbe saa ya kompyuta imerudi miaka mingi nyuma kila umeme ukikatika, na vyeti vya usalama vya tovuti havikubaliani na tarehe hiyo.

Soma pawa saplai kama unavyosoma mkataba

Hapa usiwe na haraka. Ubavuni mwa pawa saplai kuna jedwali. Namba kubwa, kama 290 ya OptiPlex 9020 ya kusimama au 255 ya ile nyembamba, ni jumla ya wati. Lakini kadi ya grafiksi inakula kutoka mstari wa volti 12, basi tafuta mstari huo na uone ampea zake. Zidisha: volti 12 mara ampea 16, kwa mfano, ni wati 192. Hizo ndizo unazogawana kati ya prosesa na kadi.

Sasa piga hesabu ya mashine yetu. i5-4570 imeandikiwa wati 84 inapofanya kazi kwa nguvu. Ubao, RAM, diski na feni tuzipe 40, nimekuwa mkarimu. Tumefika 124. Sloti ndefu ya PCIe, ile inayopokea kadi, kwa kanuni zake inatoa hadi wati 75 bila waya wowote wa ziada. Jumla ni 199 kati ya 290, na prosesa na kadi peke yao ni 159, ndani ya zile 192 za mfano wetu. Tumebaki na nafasi ya kupumua, na hiyo ndiyo sababu kikomo chetu ni kadi ya wati 75 isiyo na tundu la waya juu yake.

Kuna atakayekuambia, "Weka adapta tu, inachukua umeme kwenye waya wa diski." Kataa. Plagi ya umeme ya SATA imetengenezwa kubeba wati 54 hivi kwenye volti 12, na tundu la pini sita linaruhusiwa kuvuta 75. Hiyo tofauti inatokea kama harufu ya plastiki inayoyeyuka, kwa kawaida usiku, mechi ikiwa imenoga.

Na kubadilisha pawa saplai yenyewe? Kwenye kompyuta za kuunga mwenyewe ni rahisi. Kwenye 9020 ubao unatumia plagi ya pini nane ya Dell, si ile ya pini 24 iliyozoeleka, na HP nao wana yao ya pini sita. Kuna nyaya za kugeuza, zinafanya kazi, lakini ukijumlisha bei ya pawa saplai nzuri, waya, na ya kadi kubwa, unakuta ungenunua mashine ya kizazi cha nane na chenji ikarudi.

RAM: vipande viwili, si kimoja

Lengo ni GB 8 kwa uchache, 16 ukiweza. Aina ni DDR3 ya kompyuta ya mezani, kasi 1600. Ya laptopu ni fupi, haiingii. DDR4 haiingii pia, mkato wake uko mahali tofauti, kwa hiyo ukiona unasukuma kwa nguvu simama. Na ukiuziwa RAM za seva kwa bei ya kutupa, uliza kwanza, maana nyingi ni za aina ambayo ubao huu hauitambui na mashine italia milio bila kuwaka.

Kuhusu vipande: kipande kimoja cha DDR3-1600 kinapitisha data GB 12.8 kwa sekunde. Vipande viwili vinavyofanya kazi sambamba vinapitisha 25.6. Kama bado huna kadi, hili ni kubwa, kwa sababu grafiksi za ndani ya prosesa, Intel HD 4600, hazina kumbukumbu yake na zinakopa kwenye RAM. Kwa hiyo 4 na 4 inaishinda 8 moja. Viweke kwenye sloti zenye vibano vya rangi moja. Bonyeza pande zote mbili hadi vibano vijifunge vyenyewe na kulia "tak". Kama hujausikia mlio huo kila upande, RAM haijakaa.

Mdogo wangu alipofika hapa alicheza PES 2017 kwa wiki mbili bila kadi, ubora wa chini, na hakuwa na malalamiko. Wapo watakaoona safari imeishia hapo, na si vibaya.

SSD

SSD haiongezi fremu (picha zinazochorwa kwa sekunde), inaondoa kusubiri. Hadi diski ya zamani inasoma MB 100 hadi 150 kwa sekunde ikiwa na afya. SSD ya SATA inafika karibu 550. Chukua ya inchi 2.5. Usinunue NVMe (SSD ndogo ya kuchomeka moja kwa moja kwenye ubao) kwa mashine hii: ubao hauna sloti yake, na hata ukiiweka kwa adapta, BIOS ya kizazi hiki, ile programu ya ubao inayoiamsha mashine, kwa kawaida haiwezi kuwashia Windows kutoka humo.

Ukubwa: Counter-Strike 2 peke yake inadai nafasi ya GB 85. Windows na vitu vyake vikishakaa, SSD ya GB 240 inapokea gemu moja kubwa na kidogo cha ziada. Ya 480 ni bora, lakini hela ikibana chukua ndogo, weka Windows na gemu unayoicheza sana, na PES za zamani ziache kwenye hadi diski.

Waya wa kuunganishia ukikosekana, chomoa ule wa DVD. Ni lini mara ya mwisho uliweka CD? Na usihangaikie kishikilio, SSD haina kinachozunguka ndani, ukiibandika kwa gundi ya pande mbili inakaa.

Kabla ya kuweka Windows upya ingia BIOS, F2 kwa Dell, F10 kwa HP, utazame hali ya SATA, yaani namna ubao unavyoongea na diski. Dell nyingi hutoka zikiwa kwenye RAID. Weka AHCI sasa hivi. Ukija kubadilisha baada ya Windows kukaa, utapokelewa na skrini ya buluu.

Sasa kadi

Chini ya wati 75, bila waya, na zinazopatikana mitumbani, orodha ni fupi. GTX 1650 ya 2019 ndiyo ningeichukua mimi: GB 4, na ubavu wa kutosha GTA V kwa ubora wa kati. Lakini angalia kwa macho, si kwa jina. Kuna GTX 1650 zilizoongezwa kasi kiwandani zenye tundu la pini sita juu, na GTX 1650 Super inalo siku zote. Hizo si zako.

Chini yake kuna GTX 1050 Ti ya 2016, nayo GB 4. Ni nzuri bado, ila ina mawili ya kujua. La kwanza, NVIDIA ilimaliza kuitolea driva (programu ya kuiendesha kadi) mpya za magemu Oktoba 2025, imebaki na marekebisho ya usalama tu. La pili ni bandia. Kuna kadi za kale zilizobadilishwa programu ndani ili zijitambulishe kama 1050 Ti. Ukiona ina tundu la VGA, lile la buluu la pini 15, rudi nyuma hatua moja, maana chipu za kizazi hicho hazitoi tena mawimbi ya VGA. Ikiwa dukani kuna mashine ya kujaribia, fungua programu ya bure iitwayo GPU-Z. Kadi nyingi za namna hiyo inazitambua na kuziandikia kabisa kuwa ni feki.

Kwa mwenye hela pungufu ya hapo: RX 550 au GT 1030. Hii ya mwisho ina matoleo mawili yenye jina lilelile, moja la kumbukumbu ya GDDR5 na jingine la DDR4 ambalo ni zito kupita kiasi. Uliza, na usipojibiwa vizuri acha. RX 6400 ya 2022 inavutia kwa wati zake 53, lakini inatumia njia nne tu za PCIe na ilitengenezwa kwa ajili ya kasi ya toleo la nne, huku ubao wetu ukiwa wa toleo la tatu, kwa hiyo hapa haitoi nguvu yake yote. Intel Arc usiiguse kwa mashine ya umri huu, inategemea uwezo wa BIOS ambao hapa haupo.

Wenye kasha jembamba watafute kadi fupi, yenye bati fupi la nyuma, na wapime kwa rula nafasi iliyo kando ya sloti. Kwenye baadhi ya makasha hayo sloti ndefu imepakana na ukuta au pawa saplai, na kadi nene ya kuchukua nafasi mbili haitaingia hata uombe.

Kuchomeka ni rahisi: toa bati la nyuma, lenga sloti ndefu, sukuma hadi kibano kijifunge, funga skrubu. Usiku ule mdogo wangu alinipigia, sauti ya mtu aliyeibiwa. "Kaka, kadi uliyonichagulia imekufa, gemu ni ileile." Nikamwuliza waya wa skrini umechomeka wapi. Kimya. Alikuwa ameuacha kwenye ubao mama, palepale ulipokuwa siku zote. Waya unatakiwa utoke kwenye kadi, chini, si kwenye matundu ya juu ya mashine.

Tena, skrini za zamani nyingi zina VGA pekee na kadi hizi hazina. Unahitaji kigeuzi cha HDMI kwenda VGA, kile chenye saketi ndani. Kiweke kwenye bajeti tangu mwanzo. Na usione haya kwa skrini ya 1600 kwa 900. Ina nukta milioni 1.44, wakati ya 1920 kwa 1080 ina milioni 2.07. Kadi ndogo inaishukuru.

Windows ipi?

Hapa pagumu kidogo. Windows 10 iliachishwa huduma ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 rasmi inataka prosesa ya kizazi cha nane na kuendelea pamoja na TPM 2.0 (chipu ya usalama), 9020 ina TPM 1.2. Watu wanapita mlango wa nyuma na inakaa, lakini Valorant ikiwa ndani ya Windows 11 inadai hiyo TPM 2.0, basi mwenye kuipenda Valorant atabaki kwenye 10. Mwingine anaweza kujaribu Linux Mint na Steam: gemu nyingi za Windows zinacheza humo kupitia Proton, ila Valorant hapana. Mashine ya mdogo wangu imebaki na 10, na nimemkataza kufanyia humo mambo ya benki.

Umeme wa nyumbani

Mashine hii ikicheza pamoja na skrini tuikadirie wati 200. Saa tatu kwa siku ni uniti 0.6, kwa mwezi 18. Kwa nyumba ya Tanzania iliyo kwenye tarifu ya watumiaji wadogo, yenye kikomo cha uniti 75 kwa mwezi, hizo 18 ni za kuongea na mwenye nyumba mapema. UPS (betri ya akiba) ndogo inatosha kukupa dakika za kuhifadhi na kuzima. Usipokuwa nayo, umeme ukikatika chomoa plagi, maana kinachoua mashine mara nyingi ni ule mshtuko wa kurudi kwake. Na usisasishe BIOS siku yenye mawingu ya mgao.

Jaribio

Weka driva kutoka tovuti ya mtengenezaji wa chipu, si kwenye flashi ya mtu. Kwenye gemu punguza vivuli kwanza, ndivyo vinavyokula zaidi. Kwenye GTA V zima MSAA (kulainisha kingo za picha) na shusha ubora wa nyasi. Funga fremu zisizidi 60, skrini yako haionyeshi zaidi ya hapo.

Kisha cheza nusu saa mfululizo huku programu ya HWiNFO ikirekodi joto. Prosesa ikibaki chini ya nyuzi joto 85 na kadi chini ya 80, salama. Mashine ikizima ghafla bila ujumbe wowote pale gemu inapopamba moto, shuku pawa saplai. Fremu zikianza vizuri halafu zikashuka baada ya dakika kumi, ni joto, rudi kwenye pesti na feni. Vikitokea vijisanduku vya rangi skrini nzima, ni kadi, irudishe kabla siku za dhamana hazijaisha. Ikiganda ovyoovyo hata ukiwa unaandika tu, toa kipande kimoja cha RAM, jaribu, kisha badilishana na kingine mpaka umpate mkosaji.